Biti Inakufa Mapema kwenye Mwamba Mgumu: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko kuhusu biti, kile kichwa kinachokata mwamba mwishoni mwa mabomba ya kuchoronga, ni yale yale, iwe ni kwenye trakaiti ya Menengai au basalti ya Olkaria, miamba ya volkano kwenye maeneo ya jotoardhi ya Kenya, au miamba ya mchanga iliyoshikamana kama zege kwenye visima vya gesi vya Khazzan kule Oman, vinavyokaribia kilomita tano kwenda chini. Drila anapiga simu usiku: "Mzee, mwamba mgumu, biti imekwisha. Tupandishe?" Kwamba biti imekwisha, mara nyingi ni kweli. Kwamba mwamba ndio ulioimaliza, hapo hakuna aliyethibitisha.

Kisima cha 16A cha FORGE, mradi wa utafiti wa jotoardhi huko Utah, Marekani, kilichochimbwa kati ya 2020 na 2021, kilipita kwenye granaiti kikiwa kimelala nyuzi 65 kutoka wima, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na biti za PDC, yaani zile za mabawa yenye vikataji vya almasi bandia. Miaka michache nyuma, wengi wangesema PDC haina kazi kwenye granaiti. Kilichosaidia hakikuwa almasi peke yake. Timu ilisoma kila biti iliyotoka kisimani, ikatafuta kitu kimoja kinachozuia kasi wakati huo, ikakirekebisha, ikaenda kwa kinachofuata. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayojitokeza zaidi inatangulia.

Unahitaji vitu vichache kabla ya kuanza. Picha za biti iliyotoka, kila bawa (au kila koni, kwa biti za koni tatu zenye meno zinazobingirika juu ya mwamba), zipigwe kabla haijaoshwa na baada ya kuoshwa. Kumbukumbu za uzito juu ya biti, mizunguko kwa dakika, toki (nguvu ya kuzungusha), kasi ya kupenya na shinikizo la pampu, zote kwa kila sekunde. Wastani wa kila mita hauonyeshi mtetemo. Makapi ya mwamba kutoka kwenye chekecheke, yenye kina kilichoandikwa. Na pete ya geji, yaani pete yenye kipenyo halisi cha biti, ya kupimia kama ubavu wake umelika.

Na jambo moja lisilo na mjadala: kisima kikianza kurudisha tope (kimiminika cha kuchorongea kinachopoza biti na kubeba makapi) zaidi ya unalosukuma, au kengele ya gesi ya hidrojeni salfaidi ikilia, habari za biti zimekwisha. Funga kisima kwa utaratibu wenu na uite mwenye cheti cha udhibiti wa visima.

Dalili ya 1: Kasi imeshuka, na biti bado haina saa nyingi

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayopandisha biti nzima juu bila sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba uzito unaosomeka juu haufiki kwenye biti. Kwenye kisima kilichopinda, mabomba hulalia ukuta na msuguano hula tani kadhaa njiani. Jaribio lake ni jepesi: inua biti kidogo kutoka chini, zungusha bila uzito, andika toki. Rudi chini, ongeza uzito uleule wa awali, andika tena. Toki ikipanda kidogo mno kulinganisha na ile uliyokuwa ukipata jana, biti haijabanwa vya kutosha kwenye mwamba, inaukwaruza tu.

Kukwaruza ndiko kunakoua kikataji kwenye mwamba mgumu. Angalia hesabu. Biti ya inchi 8½ ikizunguka mara 120 kwa dakika na kupenya mita 6 kwa saa, kila mzunguko unashuka kama milimita 0.8 tu, na hiyo inagawanywa kati ya mabawa yote. Kikataji kinachokata kijisehemu cha milimita kinasugua zaidi ya kinavyokata, na kusugua ni joto. Kwa hiyo silika ya kupunguza uzito "ili tusiivunje biti" mara nyingi inaimaliza kwa njia nyingine.

Sababu ya pili ni biti kuyumba nje ya kitovu chake, kukata shimo kubwa kuliko yenyewe huku ikigonga kuta. Ukiona kasi ndogo, toki ya wastani, na kifaa cha kupima mtetemo chini kinaonyesha mishtuko ya pembeni, ni hiyo. Dawa ya haraka ni kuongeza uzito na kupunguza mizunguko. Shika mpangilio huo, kwa sababu dalili ya pili inataka kinyume chake.

Sababu ya tatu ni makapi kutoondoka. Kwenye visima vya jotoardhi vya Bonde la Ufa tope hupotea kwenye nyufa na hakuna kinachorudi juu. Wachorongaji huendelea na maji tu, au maji yenye hewa na povu. Makapi yasipotolewa, biti inasaga unga uleule mara ya pili na ya tatu. Tazama chekecheke: makapi yakiwa unga mtupu mahali ambapo jana yalikuwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ama kikataji kimebutuka ama kuna usagaji wa pili. Tofauti inaonekana ukiinua biti, ukasukuma kwa nguvu dakika kadhaa, kisha ukarudi. Kasi ikipanda kwa muda halafu ikashuka tena, shida ni usafishaji.

Katika miamba ya volkano kuna mtego mdogo hapa: tabaka za tufu (majivu ya volkano yaliyoshikamana) zilizogeuka udongo kwa joto la chini ya ardhi. Kati ya lava mbili ngumu unakuta mita kadhaa za utepe laini unaoganda kati ya mabawa. Toki inashuka, shinikizo linapanda kidogo, kasi inakufa. Inua, zungusha haraka na pampu ikiwa juu, rudi taratibu.

Sababu ya nne, biti imebutuka kweli. Ya tano, mwamba umebadilika. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ikiwa ndiyo, makapi yataonyesha rangi au madini mapya kwenye kina hichohicho.

Ili kutenganisha haya yote, fanya jaribio la ngazi. Mizunguko ikiwa palepale, ongeza uzito tani moja au mbili, subiri dakika tano hadi kumi, andika kasi. Rudia. Kasi ikipanda kwa uwiano na uzito, biti iko salama na bado ina nafasi ya kuongezewa. Ikifika mahali uzito unapanda na kasi haipandi, hapo ndipo kizuizi kilipo, na pasipojulikana ni kizuizi gani hakuna faida ya kusonga mbele.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni MSE, nishati inayotumika kuvunja kila ujazo wa mwamba, ambayo R. Teale aliiandikia mwaka 1965. Unagawa uzito kwa eneo la shimo, halafu unaongeza kazi ya toki: mara mbili ya pai, mara mizunguko, mara toki, gawa kwa eneo na kasi. Chukua biti ileile ya inchi 8½, uzito wa kilonyutoni 150, mizunguko 120, toki ya kilonyutoni-mita 6, kasi mita 6 kwa saa. Upande wa uzito unatoa megapaskali 4 tu. Upande wa toki unatoa zaidi ya 1,200. Mwamba wenye nguvu ya megapaskali 200 unavunjwa kwa mara sita ya nguvu zake. Biti inayofanya kazi vizuri huwa karibu na mara tatu, kwa hiyo nusu ya nishati hapo inaishia kwenye joto, mtetemo na kusaga unga. Kasi ikiwa mita 12 kwa toki ileile, MSE inashuka hadi 620 hivi.

Kuweni makini na toki gani mnatumia. Inayosomwa juu ina msuguano wa mabomba yote ndani yake. Toa kwanza ile uliyoiandika biti ikiwa imeinuliwa kutoka chini.

Dalili ya 2: Toki inapanda na kushuka, mashine inalia kwa mawimbi

Mzunguko unaousikia wa sekunde chache, toki ikipanda polepole kisha ikaanguka ghafla, ni biti kukwama na kuachia. Juu mabomba yanazunguka mara 100 kwa dakika bila kusita. Chini biti imesimama kabisa, bomba linajisokota, halafu linafyatuka na biti inazunguka mara mbili au tatu ya mwendo wa juu. Wakati wa kufyatuka vikataji vya nje vinapigwa kwa kasi ambayo havikuundwa kuistahimili. Wakati mwingine biti inarudi nyuma, na kikataji cha PDC hakina uwezo wa kusukumwa kinyumenyume: bapa la almasi linabanduka kama ganda.

Jambo la kwanza ni kuongeza mizunguko na kupunguza uzito. Ndiyo, kinyume cha dalili ya kwanza. Ndiyo maana kujua ni mtetemo wa aina gani kuna thamani kuliko biti mpya. Anayetibu kukwama-na-kuachia kwa kuongeza uzito anaua biti ndani ya saa moja, na anayetibu kuyumba kwa kuongeza mizunguko hali kadhalika.

Zikishindikana hizo, sababu zinapangwa hivi: biti kali mno kwa mabomba hayo, kwa maana kwamba kila tani ya uzito inaleta toki kubwa sana, shimo chafu au lililopinda kwa ghafla, ambalo linaonekana kwa msuguano mkubwa hata biti ikiwa juu, mwamba wa tabaka-tabaka, ngumu na laini, na mwisho kabisa mfumo wa kuzungusha wa juu ambao hauna kidhibiti cha kufyonza mawimbi ya toki, au unacho na kimezimwa. Hilo la mwisho angalieni mapema kuliko nafasi niliyolipa, kwa sababu ni swichi tu.

Upande wa muundo, biti inayokwama-kwama inahitaji vizuizi vya kina cha kukata: vinundu vigumu nyuma ya vikataji vinavyogusa mwamba kikataji kinapotaka kuzama kupita kiasi. Vikiwekwa chini sana havifanyi kitu. Vikiwekwa juu sana, vinabeba uzito wote na biti haisogei. Unarudi kwenye dalili ya kwanza. Kuongeza mwinamo wa nyuma wa vikataji pia kunapunguza ukali. Nyuzi 15 zinakata kwa ari. 25 zinavumilia zaidi na zinadai uzito zaidi.

Simama hapa: toki ikifika kikomo cha maungio ya mabomba, au mabomba yakikataa kupanda hata sentimita, acheni kuvuta kwa nguvu. Kabla ya kuyagonga mabomba ili yaachie, mwiteni mhandisi wa uchorongaji. Bomba lililokatika kilomita mbili chini linahitaji fundi wa kuvua vyuma visimani, na kila jaribio la pupa linampunguzia nafasi.

Dalili ya 3: PDC imetoka, katikati nzima, bega limekufa

Hapa ndipo muundo wa biti unapojadiliwa kweli, kwa hiyo nakaa kidogo.

Bega ni pale uso wa biti unapopinda kwenda ubavuni. Vikataji vya hapo vinatembea njia ndefu kwa kila mzunguko huku vikibeba mzigo. Kwenye biti ya inchi 12¼ ikizunguka mara 120, ukingo wa nje unakwenda karibu mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo bega kufa kwanza ni jambo la kawaida. Swali ni limekufaje.

Shika kikataji kwa kioo cha kukuza. Ukiona sehemu bapa iliyosuguliwa, laini, yenye mistari midogo ya nyufa kama udongo uliokauka juani na chuma cha nyuma kimebadilika rangi, hilo ni joto. Almasi ya PDC imeshikwa na metali ya kobalti iliyobaki ndani yake tangu ilipotengenezwa. Ikipata joto kobalti inapanuka kuliko almasi, na ikipita nyuzi 700 hivi za Selsiasi inaanza pia kusaidia almasi kugeuka kuwa kaboni ya kawaida. Ukiona badala yake ukingo mkali uliomeguka, wa kung'aa, bila sehemu bapa ya kusugua, huo ni mshtuko. Zipo biti zenye vyote viwili. Hapo soma kikataji kilichoharibika kidogo kabisa, siyo kibaya zaidi, kwa sababu ndicho kinachoonyesha uharibifu ulivyoanza. Kibaya zaidi kimeshafuta ushahidi wake.

Kama ni joto, kuanzia kilicho rahisi: punguza mizunguko na ongeza uzito, kikataji kizame, ongeza mtiririko, kagua kama nozo (matundu ya biti yanayotoa maji) zinaelekeza maji begani au katikati tu. Baada ya hapo ndipo uombe vikataji ambavyo kobalti imeondolewa kwa asidi kwenye tabaka la juu la almasi, na kwa kina kikubwa zaidi. Vinahimili joto vizuri na sasa ni vya kawaida.

Kama ni mshtuko, usiombe kikataji kingine mpaka ujue mshtuko umetoka wapi. Kwanza angalia nusu mita ya mwanzo. Biti mpya ikitua kwenye shimo lililoachwa na biti ya umbo jingine, inagusa kwa vikataji vichache tu, navyo vinabeba tani zote. Anza kwa uzito mdogo na mizunguko michache mpaka biti ijichongee kiti chake. Dakika kumi na tano za subira hapo huokoa saa arobaini mbele. Kisha tafuta mpaka wa tabaka: kutoka tufu kuingia lava, bega huwa bado kwenye laini na pua, sehemu ya biti inayotangulia chini, tayari iko kwenye ngumu. Ukijua kina cha mpaka kutoka kisima jirani, punguza mizunguko mita chache kabla.

Yakishindwa hayo, muundo una nafasi. Ukingo wa kikataji unaweza kupunguzwa ukali kwa kuongeza upana wa mteremko wake. Unapoteza kasi kidogo na kupata uimara. Vikataji vyenye mgongo katikati, umbo la paa la nyumba, vinapasua mwamba kwa kuelekeza nguvu kwenye mstari badala ya bapa zima, na vinafaa miamba inayovunjika kwa kupasuka kama granaiti. Safu ya pili ya vikataji nyuma ya ile ya kwanza inaongeza almasi begani. Mabawa saba badala ya matano yanagawa mzigo, lakini kila bawa jipya linapunguza njia ya makapi, na kila kikataji kinapata kina kidogo zaidi. Ndiyo maana siamini jibu la haraka la "tuleteeni yenye mabawa mengi". Kama tatizo lilikuwa joto la kusugua, mabawa mengi yanaongeza kusugua.

Ukikuta mfereji wa mviringo uliochimbwa kwenye biti, vikataji vya duara moja vyote vimekwisha hadi kwenye mwili, usiiteremshe tena hata kama sehemu nyingine zinang'aa. Na ukikuta katikati ndiko kumetobolewa, angalia kama kuna kipande cha chuma chini, au uzito uliwekwa kwa pupa. Kikataji cha umbo la koni katikati kabisa husaidia kuponda kiini cha mwamba ambacho vikataji vya kawaida hukipita kwa mwendo mdogo mno.

Dalili ya 4: Biti imetoka nyembamba

Pete ya geji haidanganyi, mradi itumike sawasawa. Kwa biti ya koni tatu, sukuma pete iguse koni mbili, pima nafasi kwenye ya tatu, zidisha kwa theluthi mbili. Hiyo ndiyo milimita iliyopotea. Wengi wanaandika nafasi nzima na kuogopa bure.

Sababu kubwa ni mwamba unaosaga, wenye kwatzi nyingi, pamoja na saa zilizopitiliza. Ya pili ni biti kuyumba na kugonga ubavu. Ya tatu ni kuitumia biti kupanua shimo jembamba lililoachwa na iliyotangulia.

Hii ya tatu ina mnyororo mbaya. Biti ya kwanza imetoka nyembamba milimita tatu, hakuna aliyepima, biti mpya inashushwa kwa mwendo wa kawaida hadi chini. Koni zinabanwa kwa ndani, beringi zinapata mzigo ambao hazikuundwa kuubeba, na biti mpya inakufa saa chache baadaye. Lawama inakwenda kwa mtengenezaji. Kwa hiyo kama iliyotoka ilikuwa nyembamba, anza kusafisha shimo tangu mahali kasi ilipoanza kushuka, kwa uzito mdogo, pampu ikifanya kazi, na usiisukume biti. Ikikaza wakati wa kushuka bila kuzunguka, inua mara moja.

Upande wa muundo, ombeni geji (ubavu wa biti) yenye almasi ndani yake, siyo kabidi, ile metali ngumu ya meno, pekee, na kwa koni tatu ombeni ulinzi wa kabidi au almasi kwenye kisigino cha mguu wa biti. Geji ndefu inatuliza kuyumba, ila inafanya biti iwe ngumu kuelekezwa pale kisima kinapopinda.

Dalili ya 5: Koni haizunguki, au inacheza

Biti za koni tatu, ambazo kampuni ya Hughes Tool ilizileta mwaka 1933, bado zina kazi nyingi kwenye jotoardhi la Afrika Mashariki. Usichague namba kwa mazoea: kwenye mfumo wa namba wa chama cha wachorongaji, IADC, tarakimu ya kwanza 6 ni ya mwamba wa kati hadi mgumu, 7 mgumu, 8 mgumu wa kupindukia. Biti ya 8 kwenye mwamba wa 6 inakwenda polepole bila faida yoyote.

Koni ikikwama, kisa cha kawaida ni sili ya mpira iliyokufa, grisi ikatoka na unga wa mwamba ukaingia kwenye beringi. Na kwenye visima vya joto sili hufa mara nyingi wakati wa kushuka, kabla biti haijagusa chini. Kisima kilichokaa saa kadhaa bila maji kinarudia joto lake, ambalo Olkaria linaweza kupita nyuzi 300, na mpira wa kawaida haufiki huko. Shusha kwa hatua: mita mia chache, simama, sukuma maji baridi mpaka yapite kwenye biti, endelea. Ikiwa hilo linafanyika na bado sili zinakufa, ndipo muulize mtengenezaji kuhusu sili za joto la juu.

Baadaye zinafuata: mizunguko iliyopita idadi ambayo mtengenezaji ameiweka kwa beringi hiyo (hesabu jumla ya mizunguko, siyo saa tu), mshtuko wa kwenda juu na chini, na uzito uliozidi. Koni tatu kwenye mwamba mgumu hujichimbia vilima vitatu chini na kurukaruka juu yake. Juu utaona mlingoti unatikisika na uzito unacheza. Badilisha mizunguko juu au chini kidogo. Isipotulia, wekeni shokamzoba ya mabomba karibu na biti.

Toki ikianza kuruka bila mpangilio kwenye biti yenye saa nyingi, pandisheni. Nusu saa ya "tumalizie bomba hili" ndiyo inayoacha koni chini. Na koni ikibaki chini, msishushe PDC juu yake kwa hali yoyote. Sumaku na kikapu cha vyuma vinatangulia, na fundi wa kuvua aitwe mapema. Sumaku inaokota chuma cha koni vizuri. Vipande vya meno ya kabidi inavikamata kwa shida, na almasi haiigusi kabisa.

Dalili ya 6: Shinikizo la pampu limebadilika

Likipanda ghafla, nozo imeziba: inua, punguza na ongeza pampu mara kadhaa, mara nyingi inatoka. Likishuka polepole bila mtu kugusa pampu, kuna tundu kwenye bomba linalokuzwa na maji. Kagueni pampu yenyewe kwanza, vali zake, kisha msingoje: pandisheni mkikagua kila ungio, kabla bomba halijakatika. Nozo iliyodondoka hushusha shinikizo kwa mpigo mmoja.

Ila shinikizo likishuka huku mipigo ya pampu ikiongezeka na mtiririko wa kurudi ukizidi, hilo huenda ni kisima kinachoingia maji, gesi au mvuke. Funga kwanza, uliza baadaye.

Dalili ya 7: Kasi imepanda ghafla

Watu hushangilia. Simamisheni uchorongaji, inueni biti, zimeni pampu, tazameni kama kisima kinatiririka chenyewe. Kwenye mafuta na gesi, mwamba laini uliokuja ghafla unaweza kuwa mlango wa shinikizo. Kwenye Menengai kuna jingine la ziada: visima kadhaa vilikutana na magma kwenye kina cha takribani mita 2,100, na ishara mojawapo ilikuwa vipande vya kioo kibichi cha volkano kwenye makapi. Hapo hakuna suala la biti. Msimamizi wa kisima na mjiolojia ndio wenye neno.

Ukimwandikia mtengenezaji

Usimwambie "biti yenu mbaya". Mpe gredi ya IADC yenye nafasi zote nane, safu za ndani na za nje kwa kipimo cha 0 hadi 8, geji, na sababu ya kupandishwa. Mpe picha, kumbukumbu za kila sekunde, na mita ambazo biti ilipita kwenye kila tabaka. Kisha omba badiliko moja au mawili yanayojibu uharibifu uliouona: mteremko wa ukingo begani, au vizuizi vya kina, au nozo. Ukiomba mabadiliko sita kwa pamoja, hata biti ikifanya vizuri hutajua kipi kilisaidia. Biti hiyo ishushwe kwenye sehemu ileile ya kisima jirani, mabomba yaleyale.

Na mlinganishe kwa gharama ya mita. Tuseme rigi (mtambo wa kuchoronga) na huduma zake ni dola 1,500 kwa saa. Biti ya dola 15,000 inapita mita 150 kwa saa 30, na kuipandisha na kushusha nyingine ni saa 10: dola 500 kwa mita. Biti ya dola 45,000 inapita mita 400 kwa saa 60, saa 10 zilezile za mabomba: dola 375. Zile saa 10 ndizo zinazosahaulika kwenye karatasi ya ununuzi, kwa kuwa idara ya manunuzi inaona bei ya biti na rigi inalipwa kutoka mfuko mwingine. Ziandikeni kwenye ombi lenyewe, mstari wa kwanza.